Nasaba ya Moshi

Moshi ukishapanda juu ya paa na kuchanganyika na moshi wa jirani, jicho la mwanadamu halina tena uwezo wa kuutenga. Ule uliotoka katika kuni za mama mpishi, na ule wa lori la mizigo lililokuwa likikwea mlima, na ule wa jalala lililotiwa moto jioni ili taka zipungue, na ule wa nyika iliyoungua mamia ya maili kutoka hapo, yote huwa ghubari moja la rangi ya kijivu, na mpita njia huyafuta macho yake akaendelea na safari bila ya kujua amedhuriwa na nani. Kwa muda mrefu watu walihukumu kwa kukisia: mwenye gari alimlaumu mchoma mkaa, mchoma mkaa akamlaumu mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda akalilaumu vumbi la barabara. Makala haya yanahusu elimu iliyokuja kuikata kesi hiyo. Elimu ambayo humwezesha mtu kuyachukua masizi machache yaliyonata juu ya kichujio, akayauliza umri wake, nayo yakamjibu.

Moshi ni hewa iliyobeba chembechembe zisizohesabika, nyingine yabisi na nyingine za majimaji, ambazo moto huzizaa kila unapokosa hewa ya kutosha kukiteketeza kabisa kile ulichopewa ukile. Chembe hizo hupimwa kwa mikromita, na mikromita moja ni sehemu moja katika elfu za milimita. Vumbi la barabara na mchanga upeperushwao na upepo huwa na chembe nene, na Mwenyezi Mungu amempa mwanadamu pua yenye vinyweleo na koo lenye kamasi ili zinaswe kabla hazijafika mbali. Bali chembe zinazozaliwa na moto, ambazo aghalabu kipenyo chake hakizidi mikromita 2.5, kiasi ambacho unywele mmoja wa kichwani hukishinda kwa unene takriban mara thelathini, hupita vizuizi hivyo vyote. Hupita koo, hupita matawi ya mapafu, hufika hata katika vile vifuko vidogo ambamo damu hukutana na pumzi, na huko huwasha uvimbe usiosikika ambao athari yake huenea mpaka katika mishipa ya damu. Ndiyo sababu watu wanaouawa na moshi hawafi wote kwa kifua. Wengi mno hufa kwa moyo na kwa kiharusi, na katika cheti cha kifo moshi hautajwi.

Kwamba moshi unaua, si habari mpya. Tangu tarehe 5 hata tarehe 9 Desemba 1952 mji wa London ulifunikwa na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe, upepo ukiwa umetulia kabisa na baridi ikiwa imewalazimisha watu kuongeza moto majumbani, na hesabu ya kwanza ilionyesha kuwa watu wapatao 4,000 walikufa zaidi ya desturi. Wanazuoni walioirejea hesabu hiyo baadaye wamesema idadi ya kweli yaweza kufika 12,000. Uingereza ikatunga Sheria ya Hewa Safi mwaka 1956. Lakini yale yalikuwa maafa, na maafa humshtua kila mtu. Swali gumu lilikuwa la moshi wa kila siku, ule mwembamba uliozoeleka, ambao watu huamka nao na kulala nao wasiuone kuwa ni kitu. Jibu lilitoka kwa Douglas Dockery wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, ambao waliwafuatia watu wazima 8,111 katika miji sita ya Marekani kwa muda wa miaka 14 hata 16, wakatangaza mwaka 1993 kwamba katika Steubenville, mji wa viwanda vya chuma wa jimbo la Ohio, kiwango cha vifo kilikizidi kile cha Portage, mji mdogo wa Wisconsin wenye hewa safi, kwa asilimia 26, hata baada ya kuondoa athari ya tumbaku na mambo mengine yanayofupisha maisha. Wenye viwanda waliipinga habari hiyo kwa nguvu zao zote. Hesabu zikakabidhiwa kwa wakaguzi wengine, nao mwaka 2000 wakatoa hukumu ileile. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2005 lilikuwa limeweka kikomo cha mikrogramu 10 za chembe hizi katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka, lilikishusha kikomo hicho mwaka 2021 hata mikrogramu 5, na hukadiria kwamba hewa chafu, ya nje na ya majumbani, huondoa roho za watu wapatao milioni saba kila mwaka.

Walakini mizani, hata ikiwa sahihi namna gani, hujibu swali moja tu: moshi ni kiasi gani? Hailijibu swali la pili, ambalo kwa mtungaji wa sheria lina uzito kuliko la kwanza: moshi huu ni wa nani? Mikrogramu thelathini ni thelathini, zikiwa za dizeli au za majani makavu. Nchi tajiri hulijibu kwa daftari, kwa kuhesabu magari, na lita za mafuta, na tani za kuni, kisha kuzidisha kila kimoja kwa kiasi cha moshi kinachodhaniwa kutolewa nacho, na njia hiyo yafaa mahali ambapo kila kitu kimeandikwa. Kwetu, ambako gunia la mkaa huingia mjini usiku juu ya baiskeli na taka huchomwa uani pasipo risiti wala kibali, daftari la namna hiyo hujazwa kwa makisio, na makisio yakizidishwa kwa makisio hayazai yakini.

Njia iliyo bora ilifunguliwa na mtu ambaye hakuwa akishughulika na habari za moshi. Willard Libby, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Chicago, alionyesha katika miaka ya 1940 kwamba miongoni mwa atomu za kaboni zilizomo hewani imo namna moja adimu, iitwayo kaboni 14, ambayo huzaliwa bila kukoma huko juu pale mionzi itokayo katika anga za mbali inapoiathiri naitrojeni. Ni haba kupita kiasi, kwa kuwa katika atomu za kaboni milioni mara milioni, ya namna hii huwa ni kama moja tu. Mti ulio hai huivuta kwa majani yake pamoja na kaboni nyingine, mnyama huila katika majani, na mwanadamu huila katika wote wawili, hata kila kilicho hai huwa na fungu lake lililo sawa na la hewa ya zama zake. Kikifa, hakiongezewi tena. Kaboni 14 iliyomo huoza polepole, ikipungua nusu kwa kila miaka 5,730, na ikipita miaka elfu hamsini huwa haikusalia ya kuhesabika. Kwa siri hiyo Libby aliwapa wachimbuaji wa mambo ya kale njia ya kujua umri wa mbao na mifupa, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1960.

Sasa tazama jinsi siri hiyo inavyoufaa moshi. Petroli, dizeli, mafuta ya taa na makaa ya mawe ni mabaki ya viumbe vilivyokufa mamilioni ya miaka iliyopita. Kaboni 14 yake imekwisha kitambo, na masizi yake hayana hata atomu moja ya kuonyesha. Kuni, mkaa, mabua, nyasi, makaratasi na samadi ni mabaki ya jana na juzi, na masizi yake yanayo kaboni hiyo kwa ukamilifu. Basi masizi ya mji yakiletwa mezani, na ikaonekana kwamba kaboni 14 iliyomo ni robo ya ile inayopaswa kuwamo katika mmea mbichi, hapana haja ya kubishana: robo ni ya miti na majani, na robo tatu ni ya visima vya mafuta na machimbo. Mkaa wa miti, ijapokuwa ni mweusi kama makaa ya mawe na huacha weusi uleule mikononi, hapo hujitenga nayo papo hapo, maana mwaka wake wa kuzaliwa wajulikana.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Mwaka 1955 wataalamu wa Marekani walikwisha kulijaribu kwa moshi wa mjini, ila zama zile ilihitajiwa kukusanywa masizi mengi mno ndipo mionzi yake dhaifu isikike katika chombo cha kupimia, na kazi ikalala kwa miaka mingi. Iliamshwa na mashine mpya ambayo haingoji atomu zioze, bali huzirusha kwa kasi kuu ndani ya bomba, ikazipinda kwa sumaku, ikazitenga kwa uzito wake na kuzihesabu moja moja, hata masizi yasiyofika uzito wa miligramu moja yakatosha kutoa jibu. Iko tabu moja ambayo msomaji anastahili kuambiwa. Mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa hewani mpaka mapatano ya mwaka 1963 yaliifanya kaboni 14 ya nusu ya kaskazini ya dunia ikaribie kuwa maradufu, na tangu hapo imekuwa ikishuka. Kwa hiyo mti wa miaka sitini na zaidi hubeba ndani ya shina lake habari za majaribio yale, na kipimo cha moshi wake hakilingani sawasawa na cha nyasi zilizoota mwaka jana. Wataalamu huirekebisha hesabu kwa ajili hiyo, nami naona ni ajabu na ni huzuni kwamba hasira za mataifa makubwa zimeandikwa hata ndani ya kuni za wapishi wasiozijua.

Kaboni 14 haisimami peke yake katika ushahidi huu. Iko kaboni 13, isiyooza kamwe, ambayo nyasi za savana, mahindi, mtama na miwa huichukua kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko miti, na kwa njia hiyo mchunguzi huweza kujua kama kilichoungua kilikuwa msitu au mbuga. Iko tena sukari moja iitwayo levoglukosani, ambayo huzaliwa wakati nyuzi za mmea zinapounguzwa, na injini ya dizeli haiwezi kuitengeneza. Ikionekana juu ya kichujio, mmea umechomwa mahali fulani. Mashahidi hawa huhitajiwa kwa sababu kaboni 14 nayo ina mpaka wake: mfuko wa plastiki uliochomwa jalalani asili yake ni mafuta ya ardhini, na kwa umri wake moshi wake haupambanuki na ule wa basi bovu.

Kazi ya kuyapata masizi hayo ni ya subira, nami naitaja kwa heshima kwa kuwa wasomaji wa magazeti huletewa natija bila ya jasho lililoizaa. Vichujio vya nyuzi nyembamba za kwazi, yaani madini yaleyale yaliyo katika mchanga mweupe, hutiwa kwanza katika tanuri kali ili kila alama ya kaboni iliyovishika tangu kiwandani iungue, kisha hufungwa katika karatasi ya alumini asije mtu akavitia uchafu kwa vidole. Hupelekwa juu ya paa au juu ya mlima, pampu huvuta hewa kupitia kwavyo usiku na mchana, na baadaye hutiwa katika baridi ya jokofu vikingojea safari ya maabara, ambako hupashwa moto daraja kwa daraja, kaboni laini ikitangulia kutoka na masizi meusi magumu yakifuata mwishoni. Umeme ukikatika pampu husimama, na mvua ikipenya kichujio huharibika. Mwaka mmoja wa vipimo vilivyo kamili ni mwaka wa mtu kuamka mapema.

Sisi watu wa pwani tunaijua kaskazi kwa wema wake. Ndiyo iliyoyaleta majahazi ya Manga, ya Ghuba na ya Bara Hindi tangu enzi za mababu, na ndiyo hiyohiyo ambayo leo hutoka Asia ya kusini ikiwa na shehena nyingine. Katika miezi ya Februari na Machi ya mwaka 1999, kundi kubwa la wanazuoni lililoongozwa na Veerabhadran Ramanathan, mzaliwa wa Bara Hindi, na Paul Crutzen wa Uholanzi, lilipeleka meli, ndege na vyombo vya kupimia katika Bahari ya Hindi, likakuta ghubari la rangi ya hudhurungi limetanda juu ya maji kutoka pwani za Hindi hata karibu na Ikweta, na kimo chake kikifika kiasi cha kilomita tatu. Ghubari hilo lilikuwa likipunguza nuru ya jua iangukayo baharini, na masizi yaliyomo yakiinywa nuru hiyo na kuipasha moto hewa yenyewe. Mara mabishano yakazuka juu ya mwenye moshi: huku wakitajwa wenye magari na viwanda, huku wakitajwa maskini wa vijijini na majiko yao, na kila upande ukileta daftari lake la makisio. Örjan Gustafsson wa Chuo Kikuu cha Stockholm na wenzake waliweka vichujio katika kisiwa cha Hanimaadhoo, huko Maldivi, na juu ya mlima wa Sinhagad, magharibi ya India, wakavuta hewa ya kaskazi ya mwaka 2006, wakaitaka kaboni 14 itoe ushahidi. Jibu lilichapishwa mwaka 2009: kati ya nusu na theluthi mbili ya masizi yale ilitokana na kuni, samadi na mabaki ya mashamba, na iliyosalia ilikuwa ya mafuta na makaa ya mawe. Kila upande ulipata fungu lake, na mabishano yakageuka kuwa ya namna ya kutibu.

Baadaye njia hiyohiyo ililetwa Afrika ya Mashariki, na hapa ndipo jambo hili linapotuhusu kwa karibu kabisa. Michael Gatari wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiichunguza hewa ya mji ule, pamoja na Leonard Kirago na wenzao wa Stockholm, walikusanya chembe za hewa ya Nairobi na kuzipima, wakachapisha matokeo yao mwaka 2022. Mtu aliyezoea kuuona moshi wa jaa la Dandora na majiko ya mkaa yanayofuka katika kila kichochoro angetarajia kwamba mkaa na taka ndizo zenye fungu kubwa. Kaboni ilisema vingine: takriban asilimia 85 ya masizi meusi ya Nairobi hutokana na mafuta ya ardhini, na hali huwa hiyo mwaka mzima, kiangazi na masika. Tena kwa kuwa chumvi za salfa zilionekana kuwa chache katika hewa ile, ambazo zingekuwa nyingi lau makaa ya mawe au mafuta mazito ya viwanda ndiyo yaliyoungua, wachunguzi waliielekeza shahada yao kwa magari. Yafaa niongeze, ili maneno haya yasichukuliwe kupita mpaka wake, kwamba masizi meusi ni kama asilimia 15 tu ya uzito wa chembe nyembamba za mji ule. Sehemu nyingine ni vumbi, chumvi na kaboni laini, zenye asili zake mbalimbali. Lakini hiyo asilimia 15 ina watu wa kuwajibika. Moshi wa dizeli ulikwisha kuandikwa na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2012, katika orodha ya vitu ambavyo ni yakini kwamba huleta saratani kwa binadamu, na hao wanaouvuta zaidi ni kondakta wa matatu, askari wa barabarani, mwanamke auzaye matunda kituoni na mtoto aendaye shule kwa miguu, ambao wengi wao hawana gari.

Ukitoka Nairobi ukaenda kaskazini ya Rwanda, ambako juu ya kilima cha Mugogo, mita 2,590 juu ya usawa wa bahari, pamewekwa kituo cha kuichunguza hewa mbali na msongamano wa miji, kaboni husimulia hadithi nyingine kabisa. Huko masizi huongezeka mara mbili kila mwaka, kati ya Desemba na Februari, na tena kati ya Juni na Agosti, na sehemu yake kubwa kabisa ni changa, ya mimea. Sababu ni kwamba mbuga za kaskazini ya Ikweta huungua katika kiangazi chake na zile za kusini katika kiangazi chake, na pepo zikigeuka hubeba moshi wa upande huu au ule juu ya nchi za maziwa. Mwenye kilima huvuta pumzi ya moto ambao hakuuwasha wala hakuuona. Kati ya ardhi yote inayoungua duniani kwa mwaka, Afrika ina theluthi mbili au zaidi. Mimi siwahukumu wachoma nyika kwa jumla, maana moto katika savana ni wa kale kuliko vijiji vyetu, mfugaji huutaka kwa ajili ya majani machanga na mkulima huutaka kwa ajili ya shamba, na nyasi zikiota tena huirudisha ndani yake kaboni iliyotoka. Hata hivyo mapafu hayapewi fidia na mvua ya mwaka ujao, na iko tofauti kubwa kati ya moto mdogo uliowashwa mapema, nyasi zikiwa na unyevu bado, na ule wa mwisho wa kiangazi ambao hula kila kitu hata miti.

Kwa hiyo Nairobi na Mugogo, mahali pawili ambapo ndege hupaunganisha kwa muda mfupi, pana mioshi ya asili mbili, na sheria itakayoponya hapa haitaponya kule. Waziri akipiga marufuku uchomaji wa nyika kwa kutumaini kuusafisha mji mkuu wa Kenya, atawaudhi wafugaji na masizi ya mjini yatabaki palepale. Akizidisha ushuru wa magari kwa kutumaini kukisafisha kilima cha Rwanda, hatapata alichokitaka.

Liko tena jiko, ambalo haliwezi kurukwa katika habari hii, kwa maana moshi wake huvutwa kabla haujafika nje. Katika nyika za Laikipia, Kenya, mahali panapoitwa Mpala, watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen waliwafuatia watu 345 wa nyumba 55, wakipima moshi na kuandika kila mtu alikaa wapi na kwa muda gani, wakati wa kuwasha, wa kupuliza na wa kukoroga, kwa kuwa waliona kwamba wastani wa nyumba humficha mwanamke ainamaye juu ya mafiga matatu pale moshi unapofumka. Walichokiona, na kukichapisha mwaka 2001, ni kwamba maradhi ya kifua huongezeka kadiri moshi unavyoongezeka, lakini si kwa mwendo uleule: huongezeka kwa kasi moshi ukiwa haba, na ukishapita mikrogramu 1,000 au 2,000 katika mita ya ujazo, ongezeko hupungua kasi. Maana yake ni chungu. Jikoni palipojaa moshi kupita kiasi, kuupunguza nusu hakumletei mtoto nusu ya nafuu. Ni lazima ushuke mbali sana ndipo afya ionekane. Na huko Malawi, katika jaribio lililohusisha watoto wapatao 10,750, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2017, nyumba zilizogawiwa majiko bora ya kuni hazikupata upungufu wa nimonia kwa watoto wao kuliko zile zilizoendelea na moto wa kale, ingawa ajali za kuungua zilipungua. Watafiti wenyewe waliona kwamba huenda sababu ni moshi mwingine uliowazunguka watoto wale, wa taka zilizochomwa, wa tumbaku, wa majirani na wa mashamba. Wako waliolisoma jaribio lile kama hoja ya kuyaacha majiko. Mimi nalisoma kwa namna nyingine: mtoto ana pua moja, na mioshi yote ya mtaa huingilia hapo, anayeondoa mmoja na kuiacha mingine hajamaliza kazi.

Serikali zetu hazikukaa bure, na haki itendeke kwa kulisema hilo. Kuanzia Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika ya Mashariki zilikubali dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa katika milioni, jambo kubwa kuliko linavyoonekana, maana salfa ikizidi huviharibu vile vyombo vinavyofungwa katika bomba la moshi wa gari ili kuyanasa masizi. Mafuta yameboreka, magari mengi bado hayana vyombo hivyo, na mengine yalivuliwa kabla ya kupakiwa melini. Kenya haikubali kuingizwa kwa gari lililopita umri wa miaka minane, lakini sheria hiyo huuliza umri wa gari bandarini, haimwulizi mwenyewe baada ya miaka ishirini ya kupanda na kushuka milima. Tanzania ilizindua mwezi wa Mei 2024 mkakati wake wa nishati safi ya kupikia, ukikusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 watu themanini katika kila mia wawe wameziacha kuni na mkaa. Na katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, vijana wa mradi wa AirQo wamekuwa wakitengeneza vipimio vya bei nafuu na kuvifunga juu ya nguzo, na hata juu ya bodaboda, ili mji uone hewa yake saa kwa saa.

Vipimio hivyo husema kiasi, na kiasi ni mwanzo mwema. Kinachotakiwa sasa Dar es Salaam, Mombasa, Tanga na Unguja ni swali la pili, kwa kuwa jibu la Nairobi, mji wa mlimani wenye magari tele, haliwezi kuazimwa na mji wa pwani wenye upepo wa bahari, uliolishwa kwa mkaa wa bara. Vichujio viwekwe juu ya paa za vyuo vyetu, vivute hewa ya kaskazi na ya kusi, mwaka mzima bila ya kukatiza. Mashine ya kuihesabu kaboni 14 haihitaji kutafutwa Ulaya peke yake, kwani iko Johannesburg, katika maabara ya iThemba LABS. Na gharama yake si ya kumtisha mwenye hazina, hasa akikumbuka kwamba masizi, tofauti na dioksidi ya kaboni ambayo hukaa hewani karne na karne, huoshwa na mvua au huanguka yenyewe kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo. Mji utakaoujua moshi wake na kuuzuia mahali unapotoka utaiona tofauti juu ya vichujio vyake kabla ya mwaka kwisha.